Gari la Ami Si Maiti

Mwaka jana, mwezi wa pili, alikuja mtu pale gereji Tononoka, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi, akanionya nisiliguse gari langu mwenyewe. "Dada, ukibadilisha giaboksi umeliua. Ukigusa dashibodi umelizika." Kisha akalizunguka akipiga picha, akainama kwenye injini kusoma nambari, akaniambia ana mteja Ulaya. Mteja analitaka vilevile lilivyo: gia inayoruka, dashibodi iliyopasuka, vumbi na yote. Nikamuuliza huyo mteja ataliendesha? Akacheka. "Magari kama haya hayaendeshwi, dada. Yanawekwa."

Naandika kwa sababu ya neno hilo. Yanawekwa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la marehemu ami yangu. Kwa wasiolijua: ni lile la boneti ndefu na mgongo ulioinama, viti viwili tu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4. Nissan walianza kuliunda 1969 wakaacha 1973. Ami alilinunua likiwa limeshachakaa, akalipenda kuliko, Mungu anisamehe, baadhi ya jamaa zake. Ijumaa baada ya swala alikuwa akitupakia mmoja mmoja, zamu kwa zamu, anatupeleka hadi Mama Ngina Drive na kuturudisha. Mimi nilikuwa wa mwisho kila mara kwa sababu ni wa kike na mdogo. Alipofariki, watoto wake hawakulitaka, wakaniachia mimi ambaye nilikuwa nikimshikia spana. Lilikuwa limekaa miaka sita chini ya turubali.

Sasa nirudi kwa yule bwana na dini yake ya "original". Nimekutana na waumini wake wengi tangu siku ile, na wengi hata gari hawana. Wanasema gari kuukuu lina thamani pale tu ambapo kila nati ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Ukitia kitu cha baadaye umelichafua. Mimi nawauliza: mnalijua gari hili lilipatia wapi jina lake katika nchi hii?

Lililipatia kwenye matope. Safari Rally, iliyoanza 1953 kwa jina la Coronation Safari kumshangilia malkia wa Waingereza, ilikuwa ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara zilezile za ng'ombe na malori. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye kwa 240Z. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews akaibeba, tena kwa 240Z, akiwa amefungana pointi na Harry Källström wa Sweden aliyekuwa na Datsun nyingine. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Hayo yapo, yameandikwa.

Na magari yale yalimalizaje? Kwa kubadilishwa vitu njiani! Safari haikuwa maonyesho ya vyombo. Mafundi walikuwa wakisubiri kando ya barabara na springi, magurudumu, giaboksi nzima, wanalala chini ya gari ambalo bado la moto, wanafungua, wanafunga, dereva anaondoka. Gari lililotukuka kwa kubadilishwa giaboksi porini, leo unaniambia nikibadilisha giaboksi Tononoka nimelivunjia heshima? Heshima ya nani?

Tulibadilisha. Gia ya tatu ilikuwa ukiiacha huru kwenye mteremko inaruka yenyewe, na ukiirudisha inalia kama sufuria inayokwaruzwa. Fundi wangu ni mzee wa miaka sabini na kitu, ametengeneza gia maisha yake yote. Alifungua bomba la chini, oili ikatoka inametameta kama rangi ya kucha. "Hiyo ni shaba, mwanangu," akaniambia. "Zile pete zake zimekwisha. Yala meno sasa." Ndani, pete za shaba ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo kabla gia haijaingia zilikuwa laini kama pete za ndoa. Pete zapatikana. Lakini meno yaliyokuwa yakishikana nazo yalikuwa yameviringika, na beringi za nyuma zina sauti.

Kwa hivyo tukatafuta giaboksi nyingine. Tukaipata kwenye spea kuukuu zilizoshuka na kontena kutoka Ghuba: gia tano, ya 280ZX, yaani mdogo wake gari hili, aliyeundwa kuanzia 1978. Inaingia karibu bila ugomvi. Karibu. Ile kola inayosukuma klachi lazima ifuate klachi uliyo nayo, si giaboksi unayoitia. Ukikosea hapo utafunga kila kitu, ukanyage, na klachi isiachie, na ushushe yote tena. Sisi tulikosea. Tukashusha tena, siku nzima ikaenda, na mzee akanilaumu mimi ingawa ni yeye aliyeichagua kola. Kile kijigia cha mita ya spidi tukakihamisha kutoka giaboksi ya zamani, la sivyo mita ingekuwa muongo. Giaboksi ya zamani sijaitupa. Iko kwa mama, chini ya kitanda, imefungwa gunia, na mama ameshasema maneno yake.

Hapo najua kuna wasomaji wanaonipigia makofi, wale wa "maisha ni kusonga mbele". Subirini kwanza, maana nanyi nina maneno nanyi.

Dashibodi ya 240Z ni ngozi ya vinaili juu ya sponji, na sponji juu ya bati. Mbele ya dereva kuna mita mbili kubwa, spidi na mizunguko ya injini, na katikati kuna tatu ndogo zilizozama kwenye mashimo, zimegeuzwa uso kumtazama dereva. Jua huikausha vinaili, sponji inasinyaa, na siku moja inapasuka juu ya zile mita tatu. Dunia nzima 240Z zimepasuka hapo. Sembuse ya Mombasa, iliyosimama nje miaka arobaini.

Kila mtu aliniambia ninunue kifuniko. Vipo, vya plastiki, unaagiza, unagundisha juu, nusu saa umemaliza, gari jipya. Binamu yangu akataka tuing'oe kabisa, tuweke skrini kubwa ya kugusa. "Itakuwa noma!" Nikakataa yote mawili, na hapa ndipo wanaponiita mnafiki: giaboksi nimebadilisha, dashibodi nimeng'ang'ania.

Si unafiki. Giaboksi ni kazi. Iko chini, gizani, hakuna aliyeipenda kwa sura, na ikishindwa kufanya kazi haina kingine cha kukupa. Dashibodi ndiyo uso. Ndipo mkono wa ami ulipokuwa ukigonga akingoja taa za Makupa, ndipo nilipojifunza kusoma saa, kwenye ile mita ya tatu ambayo, kama saa nyingi za 240Z, ilikuwa imekufa na ilisema saa nne na dakika kumi utotoni mwangu mote. Kifuniko hakitengenezi ufa. Kinauficha, nao unaendelea kula chini kwa chini. Tumeuona mchezo huo mitaani: ukuta wa mawe na chokaa unapasuka, mwenye nyumba anaukandika simiti na rangi, mvua mbili tatu, unabomoka na simiti yake.

Kwa hivyo tukaitoa nzima. Usukani chini, nyaya moja moja tukizitia vibandiko vya karatasi, kebo ya spidi, taa, swichi. Nyuma yake tukapata senti hamsini yenye kichwa cha Mzee Kenyatta na ganda la karanga. Kisha tukampelekea fundi wa viti vya matatu. Ndiyo, huyo huyo anayeshona viti vya rangi tatu na majina ya wachezaji mpira. Alikata kila ufa ukawa kama herufi V, akatoa sponji iliyokufa, inayovunjika kama mkate mkavu, akajaza mpya inayonyumbulika, akaacha ikauke siku nne, akapiga msasa kwa mkono. Mashimo ya zile mita tatu yalimtesa. Vinaili haipendi kuzama. Aliipasha moto, ikakunja, akaitoa, akaanza upya. Mara ya tatu ikakubali. Ukiitazama kwa karibu utaona mshono mmoja uliopinda kidogo upande wa abiria. Naupenda.

Sasa wa mwisho, marafiki zangu wa rika langu: "Kwa pesa hizo si ungenunua Demio?" Labda. Na mtaongeza kwamba gari la spoti ni starehe ya watu wa Nyali, si ya Tononoka. Lakini niambieni, pesa zenyewe zilikwenda wapi? Kwa mzee wa gia. Kwa fundi wa viti. Kwa kijana wa kuchomelea aliyetutengenezea mkono wa kushikia giaboksi. Hazikuvuka kivuko.

Na yule bwana wa simu mbili hakusema jambo moja, nami nalisema. Kwa kanuni ya kawaida ya uagizaji, Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Maana yake 240Z ikipanda meli pale bandarini, imekwenda. Nikijuta kesho siwezi tu kulirudisha. Watu wa Mji wa Kale wanaijua hadithi hii kwa milango: mlango wa kuchongwa unang'olewa, unakwenda kupamba hoteli au sebule ya ng'ambo, nyumba inatiwa geti la bati, na dalali anakula asilimia yake. Kila mara neno ni hilo hilo, "original", na kila mara linasemwa na anayetaka kununua.

Kinachoninyima usingizi, hata hivyo, si gari. Ni mzee. Vidole vyake vinatetemeka siku hizi, na kile kipande cha uwanja anachofanyia kazi ameshaambiwa mara mbili akihame, kunajengwa fleti. Mwanawe anaendesha tuktuk. Nilimwuliza kwa nini hana mwanafunzi, akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Wewe ulikuwa wafanya nini hapa miezi saba?"

Basi Jumamosi asubuhi niko pale, ovaroli ya ami imekunjwa mikono. Tunafungua giaboksi ya zamani, ile ya chini ya kitanda, jino kwa jino, nami nachora kila kipande kwenye daftari. Wiki iliyopita alikuja kijana wa sekondari, akasimama mlangoni muda mrefu, akauliza kama anaweza kuangalia. Mzee akamtupia kitambaa cha kupangusia oili.

Yule bwana alipiga simu tena mwezi uliopita, bei imepanda. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa Nyali Bridge, gia ya tano, madirisha yote chini.