Aliyepunguzwa uzito Dar, nani amwangalie akirudi Singida?

KWA miaka mingi Mtanzania aliyetaka kupunguza uzito kwa njia za kitabibu alilazimika kufunga safari kwenda India au nchi nyingine za nje. Hali hiyo imeanza kubadilika. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, katika miaka ya karibuni imekuwa ikiwawekea wagonjwa puto tumboni ili washibe mapema. Wanaohitaji upasuaji wenyewe huufuata katika hospitali kubwa za ndani na nje ya nchi.

Maendeleo hayo yanastahili pongezi. Hata hivyo, yameleta swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha: mgonjwa anapomaliza matibabu Dar es Salaam na kupanda basi kurudi Singida, umbali wa takriban kilomita 700, ni nani atakayemwangalia kuanzia siku hiyo?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya aina ya tiba yenyewe. Upasuaji huchukua saa chache, lakini uangalizi wake ni wa maisha yote. Katika aina moja ya upasuaji, daktari huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo na kuacha kipande chembamba mfano wa bomba. Katika aina nyingine, hutengenezwa mfuko mdogo ambao huunganishwa moja kwa moja na utumbo, hivyo chakula hakipiti katika njia yake ya asili. Mgonjwa hula kidogo, na katika aina hii ya pili mwili wake hufyonza virutubisho pungufu.

Hatari za awali hujitokeza katika siku na wiki za mwanzo. Mshono unaweza kuvuja ndani ya tumbo. Dalili zake ni homa, maumivu na mapigo ya moyo kwenda mbio. Damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu na bonge lake kusafiri hadi mapafuni, hatari ambayo huongezeka mtu anapokaa kitini kwa saa nyingi safarini. Ni wazi kuwa mgonjwa wa namna hii hapaswi kuharakishwa kurudi mkoani, na anaporudi anapaswa kujua dalili za kumkimbiza hospitali usiku huohuo.

Iko hatari nyingine ambayo haina kelele. Mgonjwa anayetapika kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji huweza kuishiwa vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini ni ndogo. Upungufu huo hushambulia ubongo: macho hucheza, mwendo huyumba, fahamu huvurugika, na asipotibiwa mapema kumbukumbu yaweza kupotea moja kwa moja. Tiba yake ni sindano ya vitamini hiyo, na inatakiwa itangulie dripu ya glukosi kwa sababu sukari peke yake huweza kuongeza madhara.

Sasa mfikirie mgonjwa huyo akifika katika zahanati ya kijijini akiwa anatapika na amelegea. Tabibu asiyejua historia ya upasuaji, tena katika nchi ambayo malaria ni jambo la kila siku, atapima malaria, atahisi vidonda vya tumbo, na pengine atatundika dripu ya glukosi kwa nia njema kabisa. Kosa hapo si la tabibu. Ni la mfumo uliompeleka mgonjwa nyumbani bila kumpa taarifa mtu atakayempokea.

Miezi na miaka inayofuata ina mambo yake. Upungufu wa madini chuma na vitamini B12 huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Upungufu wa kalsiamu na vitamini D hudhoofisha mifupa. Kupungua uzito kwa kasi huweza kusababisha mawe katika kifuko cha nyongo. Wanawake hushauriwa kuahirisha ujauzito kwa miezi 12 hadi 18, wakati ambapo vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe ipasavyo kwa waliounganishwa utumbo.

Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu ana tahadhari zaidi. Sukari yake huweza kushuka ndani ya siku chache baada ya upasuaji, wakati uzito bado haujapungua sana. Akiendelea na dozi zake za zamani, sukari inaweza kushuka kupita kiasi na kumwangusha. Vilevile, dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo wengi huzinunua madukani bila hata kuandikiwa, zinaweza kumletea vidonda vibaya mtu aliyeunganishwa utumbo.

Hata puto, ambalo huwekwa bila kupasua, halimwachi mtu huru. Puto lina muda wake, kwa kawaida miezi 6 hadi 12 kulingana na aina, kisha hutolewa. Likikaa kupita muda huo laweza kupasuka, kuteremka na kuziba utumbo. Mgonjwa aliyeridhika na umbo lake jipya akaona nauli ya kurudi Dar es Salaam ni mzigo anacheza na maisha yake.

Wenzetu waliotangulia wamelijibuje swali hili? Nchini Uingereza, mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2014 ulielekeza kuwa mgonjwa abaki chini ya kitengo kilichompasua kwa angalau miaka miwili, na baada ya hapo achunguzwe walau mara moja kwa mwaka na daktari wa karibu na makazi yake, huku pande zote mbili zikishirikiana. Lakini hata huko, madaktari wamekuwa wakilalamika kuwa wananchi wanaokwenda Uturuki kupasuliwa kwa bei nafuu hurejea na matatizo, bila maelezo ya kutosha ya walichofanyiwa.

Singida haiwezi kuiga mpango huo neno kwa neno, lakini haiko mikono mitupu. Mkoa una hospitali ya rufaa, hospitali za wilaya kama Kiomboi, na hospitali za mashirika ya dini zenye historia ndefu, zikiwamo Makiungu, Iambi na Mtakatifu Gaspari ya Itigi. Wakazi wa Mkalama na Iramba wamezoea pia kuvuka mpaka wa mkoa kwenda Haydom, wilayani Mbulu. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Dodoma, umbali wa takriban kilomita 240 kutoka Singida mjini, yaani theluthi moja ya safari ya Dar es Salaam.

Kinachokosekana ni kamba ya kuyaunganisha haya yote. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya, wakati zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI. Hospitali za mashirika ya dini zina wamiliki wake. Mgonjwa anapita katika mikono yote hiyo, lakini jalada lake hubaki alikopasuliwa.

Tanzania imewahi kulitatua tatizo linalofanana na hili. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, huduma ilianzia katika hospitali kubwa. Hatua kwa hatua ikashushwa hadi vituo vya afya na zahanati. Mgonjwa alipewa kadi yenye historia yake, na watumishi wa ngazi ya chini wakafundishwa nini cha kupima na lini watoe rufaa. Hakuna aliyesubiri kila wilaya ipate daktari bingwa.

Mpango kama huo unawezekana hapa. Kitengo kilichopasua kibaki na dhamana ya miaka ya mwanzo, kwa simu na kwa mahudhurio machache yaliyopangwa. Daktari wa magonjwa ya ndani wa mkoa arekebishe dawa za kisukari na presha na kupima damu. Afisa lishe wa halmashauri asimamie mlo. Tabibu wa zahanati ajue dalili tatu au nne za hatari na namba ya kupiga. Mgonjwa mwenyewe abebe karatasi moja inayosema alifanyiwa upasuaji gani, lini, na dawa zipi asipewe.

Suala la mlo lisichukuliwe kimzaha. Orodha za vyakula zinazotolewa katika hospitali kubwa mara nyingi humfikiria mtu wa mjini. Mkazi wa Singida anahitaji kuambiwa kwa lugha ya jiko lake: aanze na mayai, maharage, maziwa au kuku wa kienyeji kabla ya ugali wa uwele au mtama, kwa kuwa nafasi tumboni ni ndogo na protini ndiyo ya kwanza kukosekana.

Wapo watakaohoji kama mkoa ambao bado unapambana na udumavu wa watoto unapaswa kuwafikiria wachache waliopasuliwa ili wapungue. Hoja hiyo ina mantiki, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, unene unaongezeka: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Pili, ujuzi unaodaiwa hapa ndio huohuo unaomsaidia mgonjwa wa kisukari, mgonjwa wa saratani aliyeondolewa tumbo, na mama mwenye upungufu wa damu.

Liko pia suala la usiri. Wengi hawapendi majirani wajue kuwa walipungua kwa kisu au kwa puto, na hiyo ni haki yao. Lakini kumficha jirani ni jambo moja na kumficha tabibu ni jambo jingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Hospitali za rufaa hupenda kutangaza idadi ya waliohudumiwa. Kipimo cha haki zaidi kingekuwa idadi ya wale ambao, mwaka mmoja baadaye, bado wanajulikana walipo, damu yao imepimwa, na yupo mtumishi wa afya wa karibu anayejua walifanyiwa nini. Bila hilo, mafanikio ya Dar es Salaam yataendelea kugeuka mzigo usio na mwenyewe Singida.