Chupa Tupu Nayo Ina Bei

Ndugu Mkulima,

Chupa ya soda ya kioo haitupwi ovyo, kwa sababu umeachia fedha dukani na utazipata ukiirudisha. Lakini ile ya plastiki hutupwa mferejini. Huziba maji, na ng'ombe akimeza vipande vyake hukaa tumboni, havisagiki. Ng'ombe huyo akifa, karo ya watoto itatoka wapi?

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, ikapungua njiani. Maoni yangu ni kwamba chupa za plastiki nazo zilipiwe fedha za kurudishiwa.

Wakati tukingoja, tundika gunia nyumbani. Likijaa, wauzie wanunuzi wa plastiki. Usizichome, moshi wake ni sumu. Mwenye shamba ni wewe, usingoje askari.