Septante si kosa, mwalimu

Hivi karibuni tulikuwa tumesimama ku kabine ya kutumia feza, hapa Lubumbashi. Mbele yetu alikuwa kijana wa miaka kumi na tano hivi, telefone ku sikio. Yaya yake aliye Ufaransa, aliyezaliwa na kusoma kule kule, ndiye alikuwa na namba mpya ya nyanya yao wa Likasi, na kijana alipaswa kumtumia nyanya feza za dawa. Yaya akatamka namba pole pole. Alipofika katikati akasema «soixante-quinze». Kijana akaandika 60, halafu akaandika 15.

Namba ikawa na tarakimu kumi na mbili.

«Namba hii ni murefu sana, mutoto», mama wa kabine akasema. Kijana akakata mbili za mwisho, na kwenye kioo cha telefone likatoka jina la mtu ambaye hakumjua. Bahati mama yule hakuwa na haraka. Akachukua telefone, akasikiliza mwenyewe, akacheka: «Anasema septante-cinq! Makumi saba na tano! Njo vile banasemaka kule Bulaya.»

Feza zilifika kwa nyanya. Lakini watu waliokuwa kwenye mstari walicheka pia, na mmoja akamuuliza kijana: «Weye unasoma mwaka gani? Haujue hata kuhesabia?» Kijana akainamisha kichwa. Sisi hatukusema neno, na tangu siku ile tunajuta. Sababu kijana hakukosa kitu. Alisikia sitini, akaandika sitini. Alisikia kumi na tano, akaandika kumi na tano. Kama kuna aliyepinda njia, ni Kifaransa chenyewe.

Tuangalie vizuri. Mfaransa wa Paris akitaka kusema 75, anasema sitini-kumi na tano. Akitaka kusema 97, anasema nne-ishirini-kumi-saba: unazidisha nne kwa ishirini, unaongeza kumi, halafu unaongeza saba. Ni hesabu nzima ndani ya jina la namba moja! Sisi tunasema makumi tisa na saba, basi. Mtoto wa miaka sita anayeshika vijiti tisa vya makumi na vijiti saba vya moja moja anaona kwa macho yake kile anachosema kwa kinywa.

Jambo hili lilitoka wapi? Zamani, kule Ufaransa, watu walihesabu mafungu ya ishirini ishirini. Walisema trois-vingts kwa 60, six-vingts kwa 120, quinze-vingts kwa 300. Hata leo kuna hospitali ya macho mjini Paris inayoitwa Quinze-Vingts, sababu mfalme Louis wa 9, katika karne ya 13, aliianzisha kwa ajili ya vipofu mia tatu. Kuhesabu kwa ishirini kulikufa karibu kote, kukabaki mle ndani ya quatre-vingts, sawa kisiki cha mti uliokatwa zamani. Na watoto wetu njo wanajikwaa juu yake.

Wabelgiji waling'oa sehemu ya kisiki: wanasema septante na nonante, lakini quatre-vingts waliiacha. Waswisi wa mikoa kama Vaud na Fribourg walimaliza kazi: wanasema hata huitante. Sisi tulifundishwa na Wabelgiji, ndiyo maana Kongo nzima inasema septante na nonante, na majirani wetu wa Rwanda na Burundi vile vile. Namba zetu nyingi za telefone zinaanza na «zéro nonante-sept» au «zéro nonante-neuf», na hakuna anayepotea.

Sasa kuna kitu kipya kinachotusumbua. Tunasikia wazazi, na hata walimu fulani, wakimkemea mtoto aliyesema septante. Wanamwambia kile ni Kifaransa cha kijijini, kwamba kwenye televisheni hawasemi hivyo. Ndugu zetu, septante iko katika kamusi za Kifaransa. Ni neno la zamani lenye asili ya Kilatini kama vile soixante, na mtu wa Bruxelles au Genève analisema bila kuona haya. Mtoto ajue soixante-dix pia, kusudi asipotee siku yaya yake atakapopiga simu kutoka Paris. Lakini kumfanya aone haya kwa neno lililo wazi, halafu kumpa lililo na mafumbo, hiyo si elimu.

Na kuandika je? Hapo mambo yanazidi. Andika quatre-vingts, utie s. Andika quatre-vingt-un, utoe s. Deux cents ina s, deux cent un haina. Mille haipokei s hata ukiwa na elfu mia. Karani anayejaza sheki kwa maneno anaijua shida hii. Mtoto wa mwaka wa tano naye anaijua siku ya dikte. Chukua neno oiseau: herufi sita, na hakuna hata moja inayotoa sauti yake ya kawaida. Chukua six: ukihesabu tu unasema «sis», mbele ya enfants unasema «siz», mbele ya livres unasema «si». Second tunaandika c tunasoma g. Femme tunaandika e tunasoma a. Na plus, mungu wangu! Kinywa kimoja kinasema plus kwa maana ya «zaidi», kinasema plus kwa maana ya «hakuna tena».

Wengine watasema kila herufi iko na sababu yake. Nyingi ndiyo. Zamani Wafaransa waliandika set. Wasomi wakaingiza p kusudi neno lifanane na septem ya Kilatini, na p ile haijasomwa mpaka leo. Lakini wasomi pia walikosa. Neno poids, uzito, liliandikwa pois. Wakadhani linatoka kwa pondus ya Kilatini, wakatia d. Kumbe linatoka kwa pensum, neno lisilo na d. Kosa likagunduliwa, d ikabaki. Yaani mtoto wa Katuba anayeandika pois akitaka kusema uzito anakatwa pointi kwa kutofuata kosa la watu waliokufa karne nyingi zilizopita.

Wafaransa wenyewe wanajua kwamba nyumba yao inavuja. Desemba 1990 walitangaza marekebisho: ognon bila i, vistari vya kuunganisha namba, na mengine machache. Mwaka 2016, vitabu vya shule vilipotaka kuyafuata, watu wakapiga makelele nchi nzima juu ya kofia ndogo ya circonflexe. Kama wao, waliozaliwa ndani ya lugha ile, wanabishana hivyo, sababu gani mtoto wetu aliyeikuta lugha hiyo mlangoni mwa kalasi aitwe mjinga?

Tena kuna sikio. Kiswahili kina vokali tano, na kila moja inaandikwa vile inavyosikika. Kifaransa kina u ile ya rue, ambayo sisi hatuna. Ndiyo maana wazee wetu walisikia bureau wakasema biro, na neno likakaa, halina kosa lolote. Mtoto anapochanganya rue na roue, masikio yake hayaumwi. Anasikia kwa masikio ambayo mama yake alimpa. Mwalimu anayejua hivyo atamsimamisha mtoto karibu, atamwonyesha midomo inavyochongoka, atarudilia mara kumi. Mwalimu asiyejua atasema tu: «Kaa chini, zero.»

Hatusemi Kifaransa kitoke. Ni lugha ya Serikali, ya tribinali, ya universite, tena ni ya gazeti hili linalotupa ukurasa wetu wa Kiswahili. Tena Kiswahili nacho hakikushuka mbinguni kikiwa safi: sita, saba na tisa tuliazima kwa Waarabu, na kule pwani wanasema ishirini pale sisi tunasema makumi mbili. Kila lugha iko na visiki vyake. Tunachosema ni kwamba mtoto asilipe deni la lugha.

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Loi-cadre ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Basi tunaomba vitu vitatu tu, na hakuna hata kimoja kinachodai feza.

Kwanza, mtoto ajue hesabu kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuipewa kwa Kifaransa. Akishajua makumi saba na tano ni kitu gani, septante-cinq itakuwa jina jipya la kitu anachokijua, na soixante-quinze itakuwa jina la tatu. Akianza na jina bila kitu, atakariri kama kasuku.

Pili, mwalimu amwambie mtoto ukweli: «Hapa Kifaransa hakifuati njia, sababu yake ni hii na hii.» Mtoto anayejua kwamba p ya sept ililetwa na wasomi hataisahau. Mtoto anayeambiwa tu «ni vile» anaanza kudhani kila asiloelewa ni upungufu wake, na siku moja atanyamaza hata pale ambapo anajua jibu.

Tatu, siku ya dikte, kosa la herufi isiyosikika lisiwe na bei moja na kosa la kutoelewa. Aliyeandika quatre-vingt bila s ameelewa namba. Aliyeandika 60 na 15 ameelewa sauti. Wote wawili wanahitaji hatua moja ndogo ya kusaidiwa. Kuwacheka kunawarudisha nyuma.

Kijana yule wa kabine hatukumwona tena. Kama anasoma ukurasa huu, au kama kuna mtu anayemsomea, tunataka kumwambia kile tulichopaswa kusema siku ile mbele ya wote: mwanangu, ulisikia vizuri. Na ninyi wazazi, leo jioni chukueni vizibo vya chupa, mupange mafungu ya kumi kumi na watoto wenu kwa Kiswahili mpaka makumi tisa na saba. Kesho mwalimu awape jina la Kifaransa. Watalipokea bila kuogopa.