Utrasaundi Si ya Wajawazito Tu

Leo nina hasira kidogo, mnistahamilie.

Mwari anaumwa na tumbo la chini mwezi wa tatu huu. Jibu la nyumbani: "Chango hilo, ukiolewa litaondoka." Anachemshiwa mizizi. Akitaja utrasaundi anaulizwa, "Kwani una mimba?" Basi ananyamaza, asije akaonekana kwenye foleni wiki mbili kabla ya harusi, watu wakapata la kusema.

Nani katwambia kipimo hiki ni cha wajawazito peke yao? Hutazama kizazi na mifuko ya mayai: kuna uvimbe, kuna maji, mfuko umejisokota? Uliojisokota hukosa damu. Huo hausubiri harusi, ni hospitali usiku huo huo.

Na hiyo hofu ya bikira! Kipimo cha juu ya tumbo hakiingizwi popote. Unakunywa maji mpaka kibofu kijae, unapakwa jeli (ya baridi, utashtuka), kifaa kinapitishwa juu ya ngozi. Cha ukeni ni kingine. Sema mapema kwamba hujaolewa, na omba mpimaji mwanamke. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na stara haivunjwi na hilo.

Ila picha safi nayo isikudanganye. Endometriosisi na maambukizo ya kizazi huweza yasionekane. Maumivu yakiendelea, rudi.

Bi somo, wewe unayemfunda mwari kusinga na kujifukiza udi, muulize pia tumbo lake. Kisha mfuatane.