Madoa si umri, na huyo mnayempiga dawa ni mtoto wake

Wadau, leo tutagombana kidogo. Kila nikimsikia mtu na digrii yake akimwambia mtoto kwamba kale kadudu kekundu, ledibedi, kana miaka sawa na idadi ya madoa yake, nachoka kabisa. Miaka saba? Wengi wao mwaka wa pili hawauoni. Anapotoka kwenye bundo huwa laini, wa njano, madoa hujitokeza baada ya saa chache na hayaongezeki tena mpaka anakufa. Yanatokana na aina na ukoo wake, basi. Wengine hawana hata doa moja.

Hilo ni kosa dogo, halimuui mtu. Linaloniudhi ni kwamba mdudu huyo huyo tunayemchora kwenye kava za madaftari, watoto wake tunawapulizia sumu. Lava hawafanani na wazazi hata kidogo: weusi au kijivu, wembamba, miguu sita, mabaka ya njano au ya machungwa mgongoni, mithili ya mamba wa urefu wa punje ya mchele. Mtu anawaona kwenye mchicha wake, anashtuka, mbio duka la pembejeo. Anaua walaji wa vidukari, vidukari waliobaki wanazaana kwa raha zao. Baada ya muda anarudi kununua chupa nyingine. Na mchicha huo ndio tunaoula na ugali jioni!

Najua mtaniambia wapo wanaokula mimea. Kweli, yupo mwenye madoa 12, rangi ya machungwa iliyofifia, vinyweleo mgongoni, anatafuna majani ya matikiti na maboga. Lava wake ni wa njano, wana miiba yenye matawi. Ukiangalia kwa dakika moja huwezi kumchanganya na yule mamba mweusi. Tatizo hatuangalii.

Kule Saint Helena, miti yao ya asili ilikuwa inakauka kwa wadudu wafyonza utomvu. Mwaka 1993 wakaletewa ledibedi kutoka Kenya, Hyperaspis pantherina, miti ikanusurika. Watu wa kisiwa katikati ya Atlantiki wanaagiza wadudu wetu, sisi tunawanyunyizia.

Mabwana shamba mnaopita humu, picha ya lava iko wapi kwenye mabango yenu?