Sehemu ya 6: Ukiulizwa "unajisikiaje?" mbele ya mama mkwe

Sehemu iliyopita tuliongea kidonda cha mshono. Leo tuongee kidonda kisichoonekana.

Kuna binti alikuja kliniki wiki ya sita baada ya kujifungua, ndio kwanza katoka arobaini. Kaja na mama mkwe wake. Nikamsomea maswali ya hali ya akili kama yalivyo kwenye karatasi. Kabla hajafungua mdomo, mama mkwe akajibu: "Hajambo huyu, anakula vizuri." Binti naye akaitikia, "Sijambo nesi, namshukuru Mungu." Nikaweka alama ya vyema, nikageuza ukurasa.

Basi bibi alipombeba mtoto kwenda kupima uzito, nikamuuliza tu kama dada yake: "Mtoto akilala usiku, na wewe unalala?" Machozi yakamtoka. "Nesi, nina mawazo. Kichwa kimejaa. Nikimwangalia mwanangu sihisi kitu."

Jamani, nusura nimwachie aende nyumbani na ile alama yangu ya vyema.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zetu zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Sasa nikuulize: mtaani kwako nani anasema "nina sonona"? Tunasema nina mawazo, moyo mzito, mwili hauna nguvu.

Kipimo kinachotumika sana duniani kina maswali 10, kilitengenezwa Scotland na kuchapishwa 1987. Ni kizuri, kimesaidia wengi. Ila swali lake mojawapo ukilitafsiri neno kwa neno linauliza kama mambo yamekupanda juu. Mama wa Tandika ataelewa nini hapo? Uliza "mambo yamekuzidi?" naye atakujibu.

Zimbabwe walianza na lugha ya watu. Tangu 2006, kina bibi waliofundishwa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kumbe bibi anaweza kuwa dawa, akifundishwa.

Ndiyo maana nasema wazi: kutafsiri fomu hakutoshi. Miongozo yetu iweke kama kiwango, si hisani ya nesi mwenye moyo, kwamba:

1. Mama aulizwe kwa maneno anayoyatumia mwenyewe.
2. Aulizwe akiwa peke yake, hata kwa dakika tano.
3. Imani yake iheshimiwe. Anayeombewa asichekwe, aambiwe aendelee na maombi NA matibabu.

Najua wenzangu mtasema: nesi mmoja, foleni ya kina mama hadi nje, dakika tano zitoke wapi? Ni kweli. Lakini anayeshindwa kumnyonyesha mtoto kwa sababu ya mawazo atarudi kwetu tu, na atarudi hali ikiwa mbaya zaidi.

Na tusidanganyane, kuheshimu mila si kuificha shida ndani yake. Arobaini ni zawadi: unapikiwa uji, unakandwa, unapumzishwa. Ila "vumilia, sisi wote tumezaa" si tiba. Hiyo hapana.

Kulialia siku chache za mwanzo ni kawaida. Ikizidi wiki mbili, njoo. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali leo hii, na usiende peke yako.

Ukija kliniki una haki ya kusema: "Nesi, naomba tuongee wawili." Si utovu wa adabu. Nawe mama mkwe, shikamoo mama. Tunakuhitaji sana. Tukianza maswali, mbebe mjukuu utupishe kidogo. Baba kijana, usiishie kuuliza mtoto kanyonya. Muulize mkeo kama kalala.

Yule binti alitibiwa. Aliyemsindikiza kila tarehe ni mama mkwe yuleyule.

Mtumie dada aliyejifungua juzi. Sehemu ya 7: maziwa yanapogoma kutoka.