Kitako cha bunduki: kwa seremala ni ubao, mpakani ni kifaa cha silaha

GISENYI, Rwanda – Fundi seremala aliyezoea kuchonga vitanda na milango kwa mbao za libuyu kutoka Kongo hashindwi kuchonga kitako cha bunduki ya kulengea shabaha. Ugumu uko kwenye karatasi, na hapo msafirishaji anaweza kupoteza mzigo na hata gari.

Mchezo wa kulenga shabaha ulikuwemo katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa, mwaka 1896. Baadhi ya walengaji hawatosheki na kitako cha kiwandani. Hutaka kilichopimwa kwa mwili wao: urefu kutoka kifyatulio hadi begani, na kimo cha mahali pa kuegemeza shavu. Ubao sharti uwe umekauka vizuri, kwa kuwa ubao mbichi hujikunja, ukausukuma mtutu na risasi ikaenda kando. Ulaya na Marekani hupenda mti wa walnut. Katika ukanda huu, mninga unasifika kwa kutojikunja sana.

Kwa mfanyabiashara wa Gisenyi hesabu inavutia: ubao mmoja ukitiwa ujuzi huuzwa kwa bei ya juu kuliko ubao mtupu. Lakini thamani inapobadilika, na jina la bidhaa hubadilika.

Sura ya 44 au ya 93?

Katika orodha ya ushuru, mbao zilizopasuliwa zimo sura ya 44. Kitako kimo sura ya 93, ile ya silaha, chini ya namba 93.05. Kanuni za uainishaji zinasema pia kwamba kitu kisichomalizika, kikishakuwa na sifa kuu za kile kilichokamilika, huhesabiwa kama kimekamilika. Kwa hiyo kuandika "bidhaa za mbao" kwenye hati si njia ya mkato, bali ni tamko la uongo.

Wapo watakaotoa hoja kwamba Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya 2001, inapoeleza vipuri vya silaha, inataja mtutu na vinginevyo lakini haitaji kitako. Hoja hiyo ina uzito mahakamani, si kwenye dirisha la forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 imeweka silaha za sura ya 93 katika bidhaa zinazoingizwa kwa masharti, na afisa akiona namba hiyo ataulizia kibali. Cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, hakiondoi sharti hilo.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu kutaifishwa kwa bidhaa zilizokiuka masharti, pamoja na gari lililozibeba. Dereva aliyepakia kitako kimoja katikati ya viti na meza anaweka rehani lori zima.

Goma ni jambo jingine

Upande wa pili wa mpaka, hatari ni kubwa zaidi. Vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa kwa makundi ya mashariki mwa Kongo vilianza 2003, na vinagusa pia vifaa vinavyohusiana na silaha. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Katika mazingira hayo, kitako kinachovuka Petite Barrière, hata kiwe cha mwanamichezo, kinaweza kugeuka kesi ya usalama.

Malighafi nayo ina masharti yake. Tangu Februari 2023 mninga na mkangazi wa Afrika umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hivyo mbao zake zinahitaji kibali zinapovuka mpaka.

Funzo kwa wafanyabiashara ni kuanza na kibali, ubao baadaye. Mteja aonyeshe leseni ya bunduki yake na ruhusa ya nchi yake kuingiza kifaa hicho; fundi apate idhini ya mamlaka za Rwanda kabla ya kushika patasi; wakala aombe forodha uamuzi wa awali wa uainishaji, kwa maandishi. Mteja asiyeweza kutimiza hatua ya kwanza, ni heri kumuuzia kitanda.